Chuma Kilichoishinda Tupa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta, maana kisa hiki kina watu kadhaa wanaofanana na mjinga, na mmoja wao, binamu yangu Isaka, ana hata sura inayofaa kazi hiyo. Lakini hapana. Ni mimi, Dastani, mkerezaji wa vyuma wa Newala, mwenye karakana nyuma ya stendi, ambaye watu wa Tandahimba humletea shafti za mashine zao za kusaga wakisema yule ndiye mwenye mkono.

Mke wangu Anjelina, ninayemwita Mama Upendo kwa jina la binti yetu, alisoma chuo cha ufundi kabla sijamwoa. Cheti chake kikakaa miaka ndani ya sanduku, chini ya kanga za harusi, mpaka siku aliyokitoa, akakipangusa, akapata kazi Masasi kwenye kiwanda kidogo cha naitrojeni ya maji. Kama hamjaiona, hiyo ni sehemu kubwa ya hewa hii hii tunayovuta, imepozwa mpaka ikawa maji, na baridi yake ni kali kiasi kwamba barafu ya friji ukiilinganisha nayo ni uji wa moto. Wataalamu wa mifugo huifuata na mitungi yao, kwa sababu mbegu za madume bora ya ng'ombe hutunzwa ndani yake zisiharibike.

Jumatatu Mama Upendo anashuka Masasi, wiki nzima analala kwa shangazi yake mtaa wa Lisekese, Jumamosi anapanda tena kwetu Newala. Nilikubali. Nilijiona mwanamume wa kisasa, nikawaringia hata wazee wa kijiweni waliosema nimeoa mgeni wa mwisho wa wiki.

Kisha Isaka naye akaajiriwa pale pale, mchomeleaji.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Isaka ni mtoto wa mjomba wangu, na mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu mnazaliwa mpaka mmoja amzike mwenzake, na hata siku hiyo anaweza kushuka kaburini, akalala humo na kugoma kutoka mpaka apewe soda. Anaingia kwako akafunua sufuria. Anaondoka na jogoo wako. Anamwita mkeo "mke wangu" mbele ya wakwe, na wewe unatakiwa ucheke. Ukinuna umeshindwa, na habari itafika Ndanda kabla hujamaliza kununa. Na mimi Isaka nimemfanyia yote hayo. Siku ya harusi yake nilikalia kiti cha bwana harusi, sikuondoka mpaka nikaletewa paja la mbuzi. Mkewe, Pili, namwita mke mdogo hadi leo. Kwa hiyo mdomo wa kulalamika sikuwa nao.

"Binamu," ananipigia simu mchana nikiwa kwenye mashine, "mke wetu hajambo. Leo nimempikia."

"Utapika nini wewe, na chai yenyewe unaunguza?"

"Wivu huo."

"Nani, mimi? Mshibishe, akirudi apunguze kula huku."

Anacheka, nacheka. Nikikata simu kicheko kinanibaki kooni kama mwiba wa samaki, na shafti ya watu niliyokuwa nakereza naikuta imekuwa nyembamba kuliko walivyoagiza.

Jumamosi moja tulikuwa tunakula ugali wa muhogo kwa mbaazi, Mama Upendo akaanza:

"Baba Upendo, kuna valvu inatutesa kule kiwandani. Ni ya njia moja. Pampu ikisukuma naitrojeni, kisahani kinafunguka, inapita. Pampu ikizimwa, kisahani kinajifunga kwenye kiti chake ili isirudi ilikotoka. Sasa hakifungi. Ni cha stenlesi, na stenlesi ni laini. Kimejigongagonga pale mpaka kimebonyea. Naitrojeni inarudi, inachemka, inatupotea. Juzi watu wametoka mbali na mitungi yao, wameondoka na nusu."

"Na Isaka anasemaje?"

"Isaka? Hajasema kitu. Nasema hivi, tunahitaji kitu kigumu usoni, lakini ile baridi inakibadilisha chuma. Chuma ambacho huku juu unakiamini, kule—"

"Mnapoiangalia hiyo valvu, mnakuwa wawili?"

Akaacha tonge hewani. "Tunakuwa na Bwana Lameck msimamizi. Na pampu."

"Bwana Lameck macho yake hayaoni vizuri."

"Kula mbaazi zako, Baba Upendo."

Jumamosi iliyofuata alirudi na furaha ambayo sikuielewa. Nguo zake zilinukia moshi wa kuchomelea. Nikamkaribia kama nampokea mkoba, kumbe nanusa. Mke wa mtu akikaa sokoni hunukia samaki au vitunguu, hilo linaeleweka. Moshi wa kuchomelea unatoka kwa mchomeleaji.

"Wiki hii nimezamisha vipande vya vyuma kwenye naitrojeni," akasema akivua viatu. "Kila aina niliyoipata. Halafu navitoa na kuvigonga. Ungeona! Vingine—"

"Nani alikuwa anakushikia?"

"Koleo."

"Na aliyeshika koleo?"

"Mimi, mwanamume we! Nina mikono miwili. Unataka kusikia au hutaki?"

Nikasema nataka. Lakini alipoanza kueleza, simu yake ikalia mezani na jina la Isaka likawaka kwenye kioo, na yeye akapokea akicheka kabla hata hajaambiwa neno. Wallahi, nilitoka nje nikapasua kuni ambazo zilikuwa zimekwishapasuliwa.

Ndipo nikasikia, si kwa mke wangu bali kwa dereva aliyeleta mzigo kutoka Masasi, kwamba kiwanda kimeona kuagiza kisahani nje ya nchi kutachelewa, na kwamba Isaka anatengeneza kingine pale pale. Isaka! Mtu ambaye tukiwa wadogo alitengeneza mtego wa panya ukamnasa yeye. Nikampigia Bwana Lameck. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia kwamba kwenye nyanda hizi hakuna anayejua chuma kigumu kunishinda mimi, na kama ana haki, nami nilete changu. Akasema, "Leta, mwanangu. Tutavijaribu vyote viwili."

Jioni ya Jumamosi nikamweleza mke wangu, naye alikuwa uani anachambua mchicha.

"Kikishinda changu," nikasema, "unaacha kazi. Unarudi Newala, tunaishi kama watu."

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Na kikishindwa?"

"Hakitashindwa."

"Nimeuliza kikishindwa."

"Kikishindwa, jina la Isaka sitalitaja tena humu ndani."

"Yaani mimi niweke kazi yangu, wewe uweke maneno yako." Alisema taratibu, bila kupandisha sauti, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa. "Unajua nimekaa na kile cheti miaka mingapi, Dastani?"

Aliponiita Dastani nikajua nimegusa pabaya, lakini mguu ulikwishaingia. "Ni kipande cha chuma tu," nikasema. "Kama Isaka wako ni fundi, unaogopa nini?"

"Sawa," akasema. "Nimekubali. Ila kabla hujakata, uliza—"

"Siwezi kumwuliza Isaka kitu!"

"Sikusema Isaka."

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimekwishatoka kwenda karakana.

Sasa nawaambieni, na hili nalisema bila aibu, kisahani kile kilikuwa kizuri. Nilichukua beringi ya lori, chuma ambacho hata mwenye kiburi akikigusa anashika adabu. Nikaichoma kwa makaa mpaka ikalainika, nikakereza kisahani, nikakichoma tena mpaka kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye oili ya gari kikapiga kelele kama mwali. Nikakisugua mpaka nikajiona meno ndani yake. Halafu nikakipima kama alivyonifundisha aliyenifundisha, kama tunavyopima mafundi wote wa huku: nikachukua tupa mpya, nikaisukuma juu yake kwa nguvu zangu zote. Ikateleza. Haikuacha hata mkwaruzo. Tupa ndiyo iliyopoteza meno. Kwetu mjadala huishia hapo. Chuma kikiishinda tupa, fundi ananawa mikono na kwenda kula.

Siku ya kujaribu nilishuka Masasi na kisahani changu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Joto lilikuwa kali, mawe ya milima inayouzunguka mji yanang'aa kwa jua, na mimi nimevaa koti. Mshindi haendi na fulana.

Isaka alinipokea getini, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Karibu, mume mwenza."

"Ahsante, mke mdogo hajambo?"

"Pili hajambo, anakusalimu. Ameniambia nikuulize, hilo koti umeazima kwa marehemu gani?"

"Nimekuja kukuzika, ndiyo maana nimevaa."

Tukacheka wote wawili kwa sauti, tukapigana mabegani, na mimi huku namtazama kama ana mkwaruzo wa kucha shingoni.

Ndani, milango na madirisha yote yalikuwa wazi. Wanasema naitrojeni ikijaa chumbani inaifukuza oksijeni, mtu anaanguka bila kujua kinachomwangusha. Bwana Lameck alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikasema shikamoo. Na mke wangu akatoka nyuma ya tangi, amevaa aproni ndefu, glavu mpaka viwikoni, na kioo mbele ya uso. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilifikiri ni mtu mwingine, tena mtu ninayepaswa kumwamkia.

"Karibu, Baba Upendo," akasema kutoka nyuma ya kioo. "Kiko wapi?"

Nikafungua kitambaa. Bwana Lameck akakishika, akakigeuza, akajaribu tupa. Ikateleza. "Ee bwana," akasema.

"Isaka," nikasema, "lete na cha kwako tukionee huruma."

Cha Isaka kilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kimepakwa usoni kitu kama utando wa chuma kingine. Nikaweka tupa. Ilishika kidogo. Si sana, lakini ilishika! Niliona alama kwa macho yangu. Nikamwonyesha Bwana Lameck, nikamwonyesha mke wangu, nikamwonyesha hadi mlinzi aliyekuja kuchungulia.

"Mama Upendo," nikasema, "nenda kafunge mizigo. Lisekese tumepapenda, lakini basi."

Alikishika kisahani changu kwa koleo refu, akakizamisha kwenye chombo cha naitrojeni. Ilichemka kwa vurugu, moshi mweupe ukamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vyetu. Tukasubiri. Uchemkaji ukapungua, ukatulia. Akakitoa, kimevaa ukungu mweupe, akakiweka juu ya kipande cha reli, akachukua nyundo ndogo. Nyundo ya kupigia misumari ya picha!

"Rudini nyuma," akasema.

"Hata ya mawe leta," nikasema. "Hicho ni beringi ya lori."

Akagonga mara moja. Si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi.

Kisahani changu kikapasuka. Hakikupinda wala hakikubonyea. Kilipasuka kama kikombe cha udongo, vipande vikaruka, kimoja kikanipiga kwenye koti na kuanguka. Mlinzi akasema, "Mama yangu!"

"Tena," nikasema. "Kilikuwa na ufa. Safari imekitikisa."

Akaokota pande lililobaki, akalizamisha upya, akaligonga upya. Likawa makombo.

Kisha akachukua cha pili. Akakizamisha, akakitoa, akakigonga. Tu! Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Tu! Akabadilisha nyundo, akachukua nzito, akainua mkono hasa. Sauti ile ile nzito, ya kitu kinachokataa. Akakiacha kikapata joto, akakipaka dawa nyekundu, akaifuta, akakimulika kwa tochi kutafuta nyufa. Hapakuwa na ufa.

Nilimgeukia Isaka, na ninawaambieni, kumpa mtani hongera ya kweli ni kazi ngumu kuliko kukereza beringi.

"Haya," nikasema. "Umenishinda. Kitu gani umekipaka?"

Isaka akatazama chini.

"Binamu, mimi nimechomelea tu. Nilipewa waya na amri."

"Amri ya nani?"

Bwana Lameck ndiye aliyejibu. "Ya mkeo. Kwani hujui? Huyu ndiye amechagua kila kitu. Chuma kigumu cha kawaida baridi ile inakifanya kioo, ametuvunjia hapa ndoo nzima ya vipande mpaka tukaamini. Akasema mwili ubaki stenlesi, maana stenlesi haipasuki kwa baridi, halafu usoni ipakwe aloi ya kobalti ili isibonyee. Na kobalti yenyewe zipo za namna nyingi. Isaka alitaka ile ngumu kuliko zote."

"Nilitaka," akasema Isaka. "Ikapasukapasuka kama tope la mto uliokauka. Nikaambiwa nisage yote nianze upya, na hii ya chini yake kidogo. Mke wetu huyu ana amri, binamu! Nimechomelea mpaka macho yametoa machozi, naye amesimama mgongoni, 'nyembamba zaidi, Isaka, taratibu, usikipoze upesi'. Nikikupigia simu nikakwambia nimempikia, nilikuwa najipoza roho."

Hapo wivu wangu ukakosa pa kukaa. Ulikuwa umezoea kukaa kwa Isaka, umejitandikia mkeka, na sasa mwenye nyumba anautoa nje. Ukazunguka mle ndani, ukatua kwa yule mwanamke mwenye glavu. Alijua kitu nisichokijua, tena cha chuma, kazi yangu mimi. Na badala ya kufurahi, roho iliniuma zaidi ya ilivyoniuma nilipodhani ananisaliti na binamu.

Nikamfuata nje, alikokuwa anavua glavu chini ya bomba la maji.

"Kwa nini hukuniambia kuwa ni wewe?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Kila Jumamosi. Nilikuambia baridi inabadilisha chuma, ukaniuliza nani yuko karibu yangu. Nilikuambia nimezamisha vyuma vya kila aina, ukaniuliza nani ameshika koleo. Nilikuambia uliza kabla hujakata, ukatoka. Ningekuambia kwa tarumbeta?"

"Ungesema, 'Dastani, usitumie beringi.' Maneno matatu tu!"

"Nawe ungesema, 'Kakufundisha Isaka.'"

Kweli ningesema hivyo. Isaka alikuwa mlangoni anajifanya anafuta miwani, Bwana Lameck anajifanya hasikii, na mlinzi hakujifanya chochote, alisimama kabisa kusikiliza. Mbele ya watu kama hao mwanamume hawezi kushindwa mara mbili kwa siku moja. Nikajikaza, nikafunga vifungo vya koti.

"Sawa," nikasema. "La chuma nimekubali. Isaka simtaji tena, nimeahidi. Lakini mimi bado ni mumeo, na ndoa si valvu. Wiki nzima nyumba haina mwenyewe, watu wanasema. Bado nataka uache kazi."

"Nitaacha," akasema Mama Upendo, na akatundika glavu zake kwenye waya, moja, kisha nyingine. "Nenda nyumbani, umkalishe mwanao, umweleze mama yake anafanya kazi gani. Ukiweza kumaliza bila kunipigia simu kuniuliza, siku hiyo hiyo naacha."